Shajara ya mradi: madarasa mawili, lugha mbili na mtandao unaosuasua

Shajara hii ni ya mwalimu wa lugha anayetaka kuunganisha darasa lake na darasa jingine kupitia intaneti. Upande mmoja ni wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kifaransa, na upande wa pili ni wazungumzaji wa Kifaransa wanaojifunza Kiswahili. Wote ni watu wazima wa kiwango cha kati, yaani wanajieleza, lakini wakibanwa kidogo wanakimbilia lugha yao. Walimu ni wawili, mimi na mwenzangu wa upande wa pili. Hatua zilizokwenda salama nimezipitisha haraka. Zilizotukwamisha nimezipa nafasi, maana ndizo zitakazomkwamisha na atakayeiga.

12 Januari: Kuchagua umbo la mradi

Mezani kulikuwa na mipango mitatu.

Wa kwanza ni WebQuest, uliobuniwa mwaka 1995 na Bernie Dodge akiwa na Tom March katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego. Mwalimu anatunga kazi, anachagua mapema kurasa za kutafutia habari, vikundi vinagawana majukumu, na mwisho kila kikundi kinaleta kitu kilichokamilika. Unafaa sana kwa darasa lisilo na mwenzi. Shida yake kwetu ilikuwa kurasa zenyewe. Za Kifaransa ni tele. Za Kiswahili zenye mada moja, zinazosomeka kwa mwanafunzi wa kati na ambazo hazitatoweka kabla muhula haujaisha, zinatafutwa kwa tochi.

Wa pili ni tandem. Watu wawili wanafundishana lugha zao, nusu ya muda kwa lugha ya huyu na nusu kwa lugha ya yule. Misingi yake ni miwili: kila mmoja apate na atoe, na kila mmoja abebe dhamana ya kujifunza kwake. Wa tatu ni mtindo wa Cultura, ulioanzia MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1997 kati ya wanafunzi wa Kimarekani na wa Kifaransa. Pande mbili zinajibu hojaji ileile, kila upande kwa lugha yake, kisha majibu yanawekwa bega kwa bega na watu wanaulizana.

Tumechukua tandem iwe mwili wa mradi, na hojaji ya Cultura iingie katikati. Hatukununua programu yoyote. Gharama itakuwa bando na saa za walimu.

26 Januari: Video ya pamoja imeshindikana

Kikao cha kwanza kilikuwa cha video, watu wote kwenye skrini moja. Sauti zilikatika, picha ziliganda, nusu ya washiriki walizima kamera ili wabaki hewani. Hayo kila mtu anayatarajia. Lililotushtua ni kwamba hata mtandao ulipotulia, watu hawakuwa na la kuambiana. Unaitwa nani, unasoma nini, unapenda nini, basi. Maswali yakaisha, wepesi wa kusema wakashika kipaza sauti, na walimu tukajikuta tunajaza kimya.

Sababu si aibu peke yake. Mwanafunzi wa kati anahitaji kusikia, kuelewa, kutunga sentensi na kuitamka. Akifika kwenye kutamka, mazungumzo yameshamwacha. Tena swali la "unapenda nini" halimdai chochote, kwa sababu jibu lake halibadilishi lolote katika kazi anayopaswa kuifanya baadaye.

Mwenzangu aling'ang'ania video: uso wa mtu, alisema, ndio unaomfanya mwanafunzi arudi wiki ijayo. Nami nilitaka iondoke kabisa. Tulikubaliana video ibaki kwa vikundi vidogo wanaotaka wenyewe, na kazi rasmi ihamie kwenye ujumbe wa sauti. Mwanafunzi anasikiliza mara tatu kama anataka, anajiandaa, anajibu. Kila kazi pia imeandikwa upya ili mmoja awe na habari ambayo mwenzake hana na anaihitaji: huyu ana nusu ya ratiba, yule ana nusu nyingine, na bila kuulizana ratiba haikamiliki.

9 Februari: Sauti, na fujo ya mafaili

Tulianza na kundi moja la WhatsApp kwa wote. Kwa jioni moja ujumbe ulijaa hadi kazi ya mtu haionekani tena. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kila mwanakundi anaiona namba ya simu ya kila mwingine. Baadhi hawakupenda, na walikuwa na haki. Kundi limefungwa. Sasa kila timu ina folda yake ya mtandaoni, na mwenye kutaka kumpa mwenzake namba anampa kwa hiari yake.

Folda nazo zilitusumbua. Mafaili yaliingia yakiitwa "sauti1", "sauti mpya", "sauti mpya ya mwisho". Utaratibu tulioweka ni huu: tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha timu, lugha na kazi. Kwa mfano: 20260209_timu4_sw_ratiba. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe.

Kilichokula bando la watu ni muundo wa faili. Wachache walirekodi kwa programu inayotoa WAV. Sauti ya WAV ya chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, ni takriban MB 5.3 kwa dakika. Sauti ileile ikiwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama KB 480 kwa dakika, yaani chini ya sehemu ya kumi. Kwa maneno ya mtu anayesema, sikio halioni hasara yoyote ya maana. Audacity, programu ya kuhariri sauti, inabadilisha bure: fungua faili, geuza kuwa mono (chaneli moja), hamisha kama MP3, chagua 64. Kwa wasio na kompyuta, ujumbe wa sauti wa kawaida wa simu umeshabanwa tayari, na unatosha.

Kikomo cha kila rekodi kimewekwa dakika tatu. Si kwa ajili ya bando tu. Rekodi ndefu haisikilizwi hadi mwisho.

23 Februari: Saa, na wenzi walionyamaza

Timu kadhaa zilizotaka kuzungumza moja kwa moja zilikosana. Upande wetu uliandika "tukutane saa tatu usiku", nao upande wa pili, ambao somo la kusoma saa walilipita zamani na kulisahau, wakangoja saa tisa usiku au wakaamua ni utani. Miadi yote sasa inaandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kutaja UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kisha kila mtu anageuza kwake. Anayeshirikiana na nchi za Umoja wa Ulaya akumbuke pia kwamba huko saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Miadi iliyopangwa Februari itateleza kwa saa nzima bila mtu kugusa kitu.

Kubwa kuliko hilo ni wenzi kunyamaza. Katika jozi ya watu wawili, mmoja akiumwa, akiishiwa bando au akikata tamaa, mwingine anakaa bila kazi, na baada ya muda naye anapotea. Kuwakumbusha mmoja mmoja kulichukua muda mwingi wa walimu kuliko kufundisha kwenyewe. Dawa imekuwa kuvunja jozi na kuunda timu za wanne, wawili kila upande. Mmoja akiwa kimya, mabadilishano yanaendelea. Wawili wa upande mmoja pia wanasaidiana kuelewa rekodi kabla ya kujibu, faida ambayo haikuwa kwenye hesabu zetu.

Kama ningeshauri jambo moja kwa anayeanza kesho, ni hili la timu za wanne. Mengine yanaweza kusubiri.

9 Machi: Nani anamsahihisha nani

Mwanafunzi wa Kiswahili alituma maandishi ya nusu ukurasa. Yalirudi yamejaa wekundu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kila kosa limeguswa, na juu ya alichokisema hakuna neno. Maandishi yake yaliyofuata yalikuwa mistari miwili.

Kanuni mpya: kwanza jibu ujumbe kama mtu anavyojibu ujumbe. Halafu chagua makosa matatu tu, na angalau moja liwe linalojirudia. "Kitabu yangu" ikionekana mara nne, hiyo inashughulikiwa, na tahajia iliyoteleza mara moja inaachwa.

Shida ya pili ilifichwa ndani ya ya kwanza. Mzungumzaji mzawa anajua kipi ni sahihi, lakini kueleza kwa nini ni kazi nyingine. Mtu wa Kifaransa aliuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" lakini "rafiki mzuri", wakati "mtoto wangu" na "mtoto mzuri" vinakwenda pamoja. Akajibiwa, "Ndivyo tunavyosema tu." Upande wa pili walipoulizwa kwa nini ni "mon amie" na si "ma amie", ilhali amie ni wa kike, jibu likawa kwamba ile nyingine inasikika vibaya. Majibu yote mawili ni ya kweli na hayamsaidii mwanafunzi.

Tumewaondolea wazawa kazi ya kueleza kanuni. Kazi yao ni kutoa mifano mitatu ya kawaida yenye umbo lile: rafiki yangu, dada yangu, baba yangu; kisha rafiki mzuri, dada mzuri, baba mzuri. Mwanafunzi anakisia kanuni mwenyewe na kuileta darasani, na mwalimu wake anaikamilisha: majina kama hayo, ingawa ni ya viumbe hai na huchukua upatanisho wa A-WA, yana vimilikishi vya ngeli ya I-ZI. Ukisiaji huo ulizaa vipindi vizuri kuliko slaidi zangu za ngeli.

23 Machi: Hojaji

Hapa mradi ulishika moto.

Hojaji ina sehemu tatu: maneno ya kuambatanisha (andika maneno matatu yanayokujia ukisikia "jirani"), sentensi za kumalizia ("Mgeni mwema ni yule…"), na hali za kuamua (mtu kakupita kwenye foleni, unafanya nini?). Kila upande unajibu kwa lugha yake. Wanafunzi walilalamika: mbona tunasoma Kifaransa halafu tunaandika Kiswahili? Sababu ni kwamba majibu ya wazawa yanakuwa matini halisi, hayajarahisishwa kwa ajili ya mgeni, na pande zote zinasimama sawa. Hakuna anayejieleza kwa ulimi mzito kuhusu mambo yanayomgusa. Lugha ya kujifunza inatumika kusomea majibu ya wengine.

Toleo la kwanza liliwekwa kwenye hati ya pamoja inayoonekana kwa wote. Halikufaa. Wa kwanza waliandika, waliofuata wakasoma na kurudia. Tulilifuta, tukaweka fomu ambayo majibu hayaonekani hadi wote wamejibu, bila majina, kisha yakafunguliwa pande zote siku moja.

Maswali yaliyofuata hayakuhitaji kusukumwa. Kwenye "jirani" upande mmoja uliandika zaidi watu na vitendo, upande mwingine ukuta, kelele na funguo. Mtu akaandika, kwa Kifaransa chenye makosa lakini kinachoeleweka kabisa, swali refu kuliko chochote alichowahi kuandika tangu Januari. Tuliwawekea sharti moja: usieleze "watu wa kwenu" wako vipi, uliza. Bila sharti hilo, hojaji inageuka haraka kuwa mashindano ya kuhukumiana.

Kwa majadiliano tulitumia Etherpad, hati ya mtandaoni ambayo watu wengi wanaiandika kwa pamoja. Kila mwandishi ana rangi yake, na kuna kitelezi cha muda kinachoonyesha hati ilivyokua herufi kwa herufi. Mtu akifuta kazi ya mwenzake, na walifutiana, unarudi nyuma unaichukua.

6 Aprili: Mashine ya kutafsiri

Dalili zilianza kuonekana kwenye maandishi ya wiki. Mtu ambaye jana aliandika "watu mingi" leo upatanisho wake hauna doa, lakini anamwandikia mwenzake wa rika kama anamwandikia mkurugenzi. Ukimwomba aseme kwa sauti alichoandika, hafiki nusu.

Kupiga marufuku tulikuzungumza na tukakuacha. Huwezi kulinda simu ya mtu nyumbani kwake, na ukijaribu unakuwa polisi badala ya mwalimu. Tulibadilisha kazi badala ya sheria:

Mwanafunzi anaandika maneno matano tu ya kumwongoza, anarekodi bila kusoma. Mwenzake mzawa anajibu kwa sauti. Kisha mwanafunzi ananukuu kwa maandishi dakika moja ya jibu hilo, neno kwa neno, na mzawa anasahihisha nukuu. Ni imla, ila imetoka kwa mtu anayekujibu wewe. Mashine haina pa kuingilia kwa urahisi, na wanaofaidika zaidi ni wale ambao masikio yao yalikuwa nyuma ya kalamu.

Tafsiri ya mashine nayo imepewa mlango wake halali. Baada ya rasimu ya kwanza, mwanafunzi anaweza kutafsiri kwa mashine na kulinganisha, kisha alete sehemu moja ambapo mashine imemshinda na moja ambapo yeye ameishinda, na aitetee. Sehemu ya pili wengi hupata tabu kuipata mwanzoni, halafu wakishaiona hawaachi kuitafuta.

Jambo dogo lililotatuliwa siku hiyohiyo: simu nyingi zilikuwa zinabadilisha Kiswahili kuwa Kiingereza zenyewe. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, au zima usahihishaji otomatiki.

27 Aprili: Mazoezi kutokana na makosa yetu

Makosa yaliyokusanywa tangu Machi tuliyageuza mazoezi kwa Hot Potatoes, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada. JCloze ni ya kujaza nafasi, JMix ya kupanga maneno yaliyochanganywa, JMatch ya kuoanisha. Zao lake ni ukurasa wa kawaida wa wavuti, ambao ukishaupakua unafunguka kwenye kivinjari bila mtandao, na hiyo ndiyo sababu tuliichagua.

JMix ilianza kwa kuwakosesha watu walio sahihi. Sentensi "Jana nilimwona mwalimu" ilikubali mpangilio huo tu, na aliyeweka "Nilimwona mwalimu jana" akaambiwa amekosa. Programu inaruhusu majibu mbadala, lakini lazima uyaandike mwenyewe, yote. Kwa Kiswahili, ambapo kielezi cha wakati kinahama kwa urahisi, hili si la hiari. JCloze ni vilevile: kila nafasi ijazwe majibu yote yanayokubalika, na uangalie mpangilio wa herufi kubwa na ndogo usije ukamhukumu mtu kwa "Alikuja" badala ya "alikuja". Zoezi moja lilikuwa linatungwa haraka na kukaguliwa polepole. Tulipoanza kumpa mzawa wa timu nyingine alifanye kwanza, majibu mbadala yalijitokeza yenyewe.

Maneno ya kuburuta kwa kidole kwenye skrini ndogo bado yanasumbua. Kwa wanaotumia simu tunatoa JCloze tu.

18 Mei: Wikipedia

Tulitaka mradi uishe na kitu ambacho mtu mwingine atakisoma. Kila timu ilichagua mada yenye makala ndefu kwa lugha moja na fupi, au isiyokuwapo, kwa nyingine.

Siku ya kufungua akaunti ilivunjika. Wachache wa kwanza walifanikiwa, kisha wote waliobaki wakakataliwa. Wikipedia inaweka kikomo cha akaunti mpya sita kwa siku kutoka anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, na darasa zima linalotumia Wi-Fi moja lina anwani moja. Suluhisho: kila mtu afungue akaunti siku kadhaa kabla, nje ya darasa, na aandike nenosiri mahali atakapolipata. Manenosiri yaliyosahauliwa yamekula muda wetu kuliko sarufi yoyote.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye ukurasa wa majaribio wa mtumiaji, si kwenye makala halisi. Mwanafunzi anaandika kwa lugha anayojifunza, wazawa wa timu wanapitia, kisha inahamishwa. Makala moja ilifutwa kwa kukosa vyanzo. Maandishi yalikuwa mazuri, ila yote yalitoka kichwani. Tangu hapo kila aya inaletwa na chanzo chake kabla ya mtu kuihariri kisarufi. Tuliwaeleza pia mapema kwamba wanachochapisha huko kinatolewa kwa leseni ya CC BY-SA, kwamba yeyote anaweza kukitumia na kukibadilisha, na kwamba asiyetaka anabaki na ukurasa wa timu kwenye folda. Wawili walichagua hivyo na kazi yao ilipimwa sawasawa na ya wengine.

1 Juni: Hesabu, na kilichomo kwenye folda

Bando: sauti zikiwa MP3, wiki nzima ya mwanafunzi, kupakia na kupakua, haikuzidi MB chache. Kikao cha video cha Januari ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote. Muda wa walimu: ulioenda kwenye kutunga kazi ulikuwa mdogo kuliko ulioenda kwenye kupanga timu, kufuatilia walionyamaza na kukagua mazoezi. Anayeiga apange saa zake hivyo.

Folda ya kuigwa ina hojaji kwa lugha zote mbili, kazi za nusu ratiba, kanuni ya makosa matatu kwenye ukurasa mmoja, mazoezi ya JCloze na majibu yake mbadala, na fomu ya ridhaa ya kurekodiwa. Rekodi za wanafunzi hazimo. Zinafutwa mwisho wa mwezi huu kama fomu inavyosema, isipokuwa mwenyewe akiomba nakala yake.

Kundi lijalo linaanza Septemba. Hojaji itatangulia, wiki ya kwanza kabisa, kabla ya rekodi yoyote. Mwenzangu anataka video irudi baada yake, timu moja moja, sasa watu watakapokuwa na la kuulizana. Safari hii sikubishana naye.